Skrini ya fokasi ya Nikon FM2 imechafuka: niisafishe au niibadilishe?

Muulizaji, Nakuru

Salaam kwenu nyote. Marehemu baba yangu aliniachia Nikon FM2, kamera ya filamu aliyoitumia kwa miaka mingi kupiga picha za harusi na za shule hapa Nakuru. Nikitazama kupitia dirisha lake naona vidoadoa vyeusi visivyopungua kumi, pamoja na unywele mmoja wenye ukungu karibu na duara la katikati. Nilitoa lenzi nikapuliza kwa mdomo, na sasa pana alama ya tone la mate iliyokauka mfano wa pete. Jambo hilo linaniuma, kwani ni mimi niliyeiongeza. Jirani ananishauri nipanguse kwa pamba yenye spiriti. Nasikia uchafu huu uko kwenye skrini ya fokasi, yaani kile kipande chembamba ndani ya kamera ambacho taswira huonekana juu yake unapolenga. Je, utaonekana kwenye picha? Na skrini ya namna hii husafishwa, au hubadilishwa tu?

Fundi wa kamera, Kisumu

Ndugu yangu, tafadhali usiitumie hiyo spiriti. Uchafu wa skrini hauingii kwenye picha hata kidogo, kwa sababu unapobonyeza kitufe, kile kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya lenzi huinuka na kuiziba skrini, na mwanga hupita chini yake hadi kwenye filamu. Kwa hiyo huna haja ya haraka yoyote, na skrini nyingi nilizoletewa zikiwa zimeharibika hazikuharibiwa na vumbi, bali na mkono uliotaka kuliondoa. Skrini hii ni ya plastiki, na nyuso zake zina mifereji na prizimu ndogondogo (pembe za kupindisha mwanga) usizoweza kuziona kwa macho. Spiriti inaweza kuipasua nyufa nyembamba, asetoni huiyeyusha, na pamba hulikokota vumbi juu yake mpaka pabaki doa linalong'aa ambalo halitoki tena.

Bahati nzuri ni kwamba FM2 iliundwa ili mwenyewe aweze kuitoa skrini kupitia mdomo wa lenzi. (Nikon FM ya mwaka 1977 inafanana nayo sana kwa nje, lakini skrini yake haikukusudiwa kutolewa hivyo, basi soma jina vizuri kabla ya kuanza.) Tandika kitambaa safi mezani, vuta kwa kibano kile kilimi kidogo kilicho mbele juu ya kioo, na fremu itashuka. Ipige picha kwa simu kabla ya kuigusa skrini, ili ukumbuke upande upi ulitazama chini, kisha uishike kwa kile kipembe chake tu. Usikiguse kioo chenyewe, kwa maana utando wake unaoakisi uko juu, si nyuma kama wa kioo cha nyumbani.

Anza kwa pampu ya mpira ya kupulizia. Ile pete ya mate haitatoka kwa upepo, kwa hiyo iloweke skrini kwa dakika chache katika maji vuguvugu yaliyotoneshwa tone moja la sabuni ya vyombo, uitikise polepole bila kuisugua, kisha uisuuze. Maji ya kisima ya huko kwenu yana chumvi na yataacha madoa mapya. Nunua maji yaliyokenekwa (distilled water), yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari, na uhakikishe ni maji, si asidi. Isimamishe ikauke chini ya bakuli lililofunikwa.

Mpigapicha, Kakamega

Naongeza mambo mawili ambayo mimi niliyalipia. Kwanza, vidoadoa vyeusi mara nyingi si vumbi, bali ni makombo ya ile sponji nyembamba inayopokea kishindo cha kioo kinapoinuka. Ikizeeka hugeuka kuwa kama lami. Ukiosha skrini bila kubadilisha sponji, baada ya filamu mbili tatu utarudi ulikotoka.

Pili, niliwahi kuirudisha skrini kichwa chini, nikapoteza fokasi katika filamu nzima ya picha 36, kwani umbali kutoka kioo hadi skrini lazima ulingane na ule wa kutoka kioo hadi filamu. Baada ya kuirudisha, zungusha lenzi mpaka mwisho wa umbali na uelekeze kamera kwenye mnara ulio juu ya kilima cha mbali. Lile duara la katikati limegawanyika nusu mbili, na fokasi ikiwa sawa mistari ya mnara hukutana ndani yake; ikikataa kukutana, kuna kosa. Na ukiamua kununua nyingine, tafuta iliyotengenezewa FM2. Ya Nikon FE ya zamani huingia, lakini mita ya kamera (kipimo cha mwanga) husoma mwanga uliokwisha kupita kwenye skrini, kwa hiyo tofauti ya ung'avu huipotosha.

Mgeni, Bungoma

Samahani kwa kuingilia. Je, skrini ya kamera ya Pentax K1000 nayo hutolewa hivyo hivyo?

Fundi wa kamera, Kisumu

Hapana, ya K1000 imefungwa ndani. Kuifikia kunahitaji kufungua kifuniko cha juu, kazi ambayo singekushauri uifanye kwa ajili ya vumbi peke yake. Puliza kwa pampu, uishie hapo.

Muulizaji, Nakuru

Nawashukuru sana. Sponji ilikuwa imeoza kweli, na iliposhikwa na kijiti cha meno ilinata kama gundi, basi niliiondoa yote huku skrini ikiwa nje na kioo nimekifunika kwa karatasi. Vidoadoa vimetoka na pete ya mate imetoweka. Nimeijaribu kwa mnara ulioko upande wa Menengai na mistari imekutana sawasawa. Unywele ungali pale pale, kumbe umelala juu zaidi, kwenye uso wa ile prizimu kubwa ya kioo iliyo juu ya skrini. Nimeuacha.