Kidimbwi juu ya nyumba ya mawe Mkomani: kibali naanzia wapi?

Bi Daka: Asalaam aleikum jamaa. Nyumba ya marehemu bibi yangu iko Mkomani, mji wa kale wa Lamu, ya mawe na boriti, na sasa naitengeneza iwe ya wageni. Kila anayepiga simu, swali la kwanza ni bwawa. Mimi nataka kidimbwi tu: mita tatu kwa mbili, kina mita moja na robo, juu darini chini ya makuti. Fundi aniambia, "Ni ndani ya nyumba yako, kibali cha nini?" Mchanga ameshauleta, punda kumi na wawili wameumwaga mbele ya daka, pale kibarazani mlangoni, na jirani hanisalimu tangu juzi. Nimwamini?

Chokaa na Boriti: Waaleikum salaam, bi. Fundi na apumzike kwanza. Piga hesabu: hayo ni maji lita 7,500, yaani tani saba na nusu, kabla ya saruji na kabla mgeni hajaingia. Boriti za mkoko za bibi yako zilipangwa zibebe watu na mikeka. Na ule ukuta wa kaskazini, si wako peke yako, au?

Kibali lazima. Mji wa kale umehifadhiwa kisheria tangu 1986, UNESCO wakauingiza orodhani 2001. Anza ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa na picha mkononi, kabla hujamlipa msanifu. Kisha kaunti, upande wa mipango: michoro ya msanifu na hesabu za mhandisi, wote wenye leseni. Mimi nilianzia kaunti, nikachora mara mbili. Waulize na kuhusu NEMA, wale wa mazingira, wasije wakakusimamisha katikati ya kazi.

Wa Shela: Na hayo maji utayatoa wapi? Ya mfereji yatoka visima vya huku kwetu, chini ya vilima vya mchanga. Tukichota sana, chumvi yapanda. Lita 7,500 ni madumu 375 ya lita ishirini!

Bi Daka: Nimeshika kichwa. Ukuta ni wetu na jirani, ndiyo, huyo huyo aliyenuna. Lakini chooni chini kuna birika la bibi, tangi la kujengwa la maji ya kuogea, limekauka, sakafuni mna bakuli la kaure lililojengewa. Nikiwa mdogo samaki walikuwa wakijificha humo. Naweza kulipanua mtu akakaa ndani?

Chokaa na Boriti: Hao samaki walikuwa wakila viluwiluwi vya mbu, pampu na dawa za nini! Kupanua sidhani watakubali. Kulifufua lilivyo, kwa chokaa si saruji, nenda ukaulize, hilo nalo wakuandikie. Piga picha kabla hujagusa hata vumbi. Kidimbwi chako kitafutie mahali kiwandani, yaani uani, chini, mbali na ukuta, mhandisi akaukague msingi.

Bi Daka: Kesho asubuhi napiga picha. Kuna anayetaka mchanga? Punda ni juu yako.