Mrejesho: Bamdogo aliyetolewa vyombo nje Mbagala

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu bamdogo, miaka 71, mlinzi mstaafu asiye na pensheni, aliyetolewa vyombo nje kwa kudaiwa kodi. Mlioniambia nianzie serikali ya mtaa, asanteni. Mtendaji alituandikia barua, afisa ustawi wa jamii akamhoji na kutaja makazi ya wazee Nunge, Kigamboni. Mzee akakataa katakata: "Huko wanaenda wasio na watu." Basi tumempatia chumba Kongowe, elfu 40 kwa mwezi. Mwenye nyumba kakubali kodi ya miezi mitatu badala ya sita (kwa Dar hii, maajabu). Tunachanga sisi watoto wa ndugu. Redio na jiko la mkaa vimepona, godoro lililoa likaoza. Kitambulisho cha matibabu bure cha wazee bado tunafuatilia.