Majirani Njia ya Mkorosho, Makongo Juu

JUMATANO

05:48 Mama Neema: Jamani amkeni. Maji yameingia kwa Mama Chausiku, kwa Zuhura na kwenye vyumba vya wapangaji wa Baba Tatu. Kwa Mama Chausiku yamefika magotini. Mwenye koleo aje na koleo, mwenye ndoo aje na ndoo.

05:49 Mama Neema: Mtu asikanyage maji ya ndani kabla mein swichi haijazimwa. Kama swichi yenyewe imezungukwa na maji msiiguse, pigieni TANESCO waje wakate kwenye nguzo.

05:57 Mama Neema: Naona mnasoma na hamjibu.

06:10 Elia: Jamani sisi si tunakaa mlimani? Mafuriko si ya Jangwani?

06:11 Elia: Mto Mlalakuwa umechoka kukaa bondeni umepanda kutusalimia 😂

06:11 Juma Boda: 😂😂 uambieni naushusha kwa buku mbili tu

06:12 Elia: Buku mbili na kofia ngumu au bila?

06:13 Mama Neema: Elia, mama wa watu amesimama kwenye maji. Njoo na koleo.

06:13 Elia: Nakuja mama. Samahani.

06:41 Zuhura: Poleni wote. Kwangu yameishia sebuleni na jikoni. Kabla hamjaanza kufagia naomba mnisikilize kidogo. Haya si maji ya mvua peke yake. Yametoka barabarani na yamepita juu ya chemba pale kwenye kona, na ile chemba imefumuka tangu saa tisa usiku. Kwa hiyo yana choo ndani. Vaeni mabuti na glovu, watoto wasicheze humo, na mwenye kidonda asiingie kabisa.

06:44 Zuhura: Godoro la sponji lililonyonya maji haya halioshwi likapona. Linatupwa. Zulia hivyo hivyo. Unga, mchele, sukari, chochote ambacho hakikuwa kwenye chombo kilichofungwa sawasawa, msipike.

06:45 Mama Chausiku: godoro nimenunua mwezi wa kumi na mbili

06:45 Mama Chausiku: la inchi nane

06:46 Mama Neema: Pole mwaya. Tutaongea.

06:52 Zuhura: Tope litoeni sasa likiwa bichi, na kuta msuuze kwa maji safi na sabuni. Likishakauka kwenye marumaru na kwenye pembe ni shughuli nyingine. Friji msiwashe hata kama linaonekana zima, mpaka fundi umeme aligeuze aone nyuma.

07:20 Mama Neema: Haya. Kijana wa pampu nimempata, anataka elfu hamsini kwa siku, mafuta juu yetu. Kuna jiki, mabuti ya vijana, na mtu wa kuzibua mtaro. Kila nyumba elfu thelathini, leo kabla ya saa sita. Tuma kwenye namba yangu ileile. Naanza mimi.

1. Mama Neema ✅
2.
3.

07:31 Juma Boda: 2. Juma nitatoa jioni nikishapata

07:58 Mama Neema: Nyumba zote hizi, wawili?

08:15 Baba Tatu: Habari za asubuhi majirani. Poleni. Mimi niko Morogoro kikazi. Kabla ya kuchanga tena naomba kuuliza kwa nia njema kabisa, ile hela ya karavati iliishia wapi?

08:16 Elia: 👀

08:19 Mama Neema: Baba Tatu, leo? Wapangaji wako wanachota maji kwa sufuria.

08:21 Baba Tatu: Nimeuliza tu.

08:24 Mama Neema: Daftari la karavati liko kwa aliyehama, na wewe ndiye uliyempendekeza awe mweka hazina. Mimi sikushika hata shilingi. Unajua hivyo.

08:30 Baba Tatu: Sawa. Nitatuma.

08:31 Mama Neema: Leo kabla ya saa sita.

09:05 Mama Chausiku: mi naomba kusema

09:06 Mama Chausiku: nimekaa hapa miaka mingi maji hayajawahi kuingia ndani. yalikuwa yanapita pembeni yanashuka zake. yameanza ule ukuta ulipojengwa. wote mnajua

09:06 Mama Chausiku: simtaji mtu

09:12 Juma Boda: Mama kasema kweli. Usiku nimeona kwa macho yangu, maji yanagonga uzio wa Baba Kelvin yanarudi kama mpira, yanaingia kwa mama

09:40 Baba Kelvin: Nimesoma. Nina hati, nina kibali cha ujenzi, uzio uko ndani ya mpaka wangu. Mwenye shaka aje na mpima. Mvua ya jana haikuletwa na mimi.

09:44 Elia: Kuna sheria ya mita 60 lakini kaka. Ya mazingira.

09:46 Baba Kelvin: Ya mwaka 2004, naijua, kifungu cha 57. Mita 60 ni za kingo za mto, ziwa, bahari. Hapa mto uko wapi?

09:47 Elia: Jikoni kwa Zuhura 😂😂

09:47 Juma Boda: 😂😂😂😂

09:48 Elia: Kwa hiyo Zuhura abomoe nyumba apishe mita 60

09:49 Mama Neema: ELIA.

10:30 Zuhura: Baba Kelvin yuko sahihi kwenye sheria, pale si mto. Lakini ni njia ya maji, na maji hayajui hati. Naomba tufanye hesabu moja. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150, mvua ya milimita 50, ni lita 7,500 kutoka paa moja. Simtanki la lita 5,000 hata kama lilikuwa tupu linajaa na kumwagika. Sasa hesabuni mapaa yote ya hapa juu, na uani tumelaza pevingi kila mahali, udongo wa kunywa maji haupo tena. Yote yanashuka kwenye kinjia kimoja.

10:33 Zuhura: Ndiyo maana sisi wa mlimani tunaingiliwa na maji. Hayajapanda kutoka mtoni. Ni ya kwetu wenyewe, na yanashuka kwa kasi.

10:34 Mama Neema: Asante. Lakini sasa hivi nahitaji mafuta ya pampu lita kumi. Nani yuko karibu na sheli?

11:02 Mama Neema: Nani yuko karibu na sheli?

11:15 Mchungaji Nyumba ya Juu: Bwana awatie nguvu majirani. 🙏🙏

11:16 Mama Neema: Amina mchungaji. Wewe una gari. Lita kumi.

11:20 Mchungaji Nyumba ya Juu: Naenda.

13:37 Mzee Kibwana: Assalaam aleikum na Bwana Yesu asifiwe. Simu hii naandikiwa na mjukuu.

13:37 Mama Neema: Shikamoo babu.

13:37 Zuhura: Shikamoo mzee

13:38 Elia: Shikamoo babu

13:45 Mzee Kibwana: Marahaba. Nimesomewa yote tangu asubuhi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 kuingia 1998 nilikuwa hapa, nyumba zilikuwa chache sana. Maji yalishuka siku nyingi na hakuna nyumba iliyoingiwa, kwa sababu yalikuwa na njia. Njia ilianzia kwa mchungaji, ikapita chini ya mkorosho, ikapita pale ulipo uzio wa Baba Kelvin, ikateremka bondeni. Baba Kelvin mwanangu, siku unachimba msingi nilikuja na fimbo yangu nikakuchorea chini. Ukaniambia babu usijali, fundi atatoboa. Fundi hakutoboa.

13:46 Mzee Kibwana: Na wewe Mama Neema, gata zako zote umezielekezea barabarani. Mchungaji naye. Hata hii nyumba ya kijana wangu ninayokaa. Mama Chausiku anabeba maji ya mapaa yetu sote na hana mwanaume wa kumsemea. Mimi namsemea. Uzio utobolewe, na kila mwenye paa ashike maji yake. Nimemaliza.

15:52 Mama Neema: Tumekusikia babu.

16:10 Zuhura: Asante sana mzee.

18:25 Baba Kelvin: Shikamoo baba. Nimesoma.

ALHAMISI

06:30 Mama Neema: Habari za asubuhi. Maji yametoka nyumba zote tatu. Waliotoa: mimi, mchungaji, Zuhura, Elia, Baba Tatu (kumi na tano, bado kumi na tano), Baba Kelvin (elfu sitini, asante). Wengine nawasubiri.

07:05 Baba Tatu: Shukrani. Fundi rangi wangu anaingia leo apige skimu ya kulainisha ukuta na rangi. Kuna mpangaji mpya tarehe moja, nataka ukuta uwe msafi.

07:09 Zuhura: Baba Tatu nakuomba sana usipake.

07:10 Baba Tatu: Si umeshakauka? Wamenitumia picha.

07:22 Zuhura: Umekauka usoni. Tofali ndani limejaa maji, na likifungiwa rangi ya mafuta yatatafuta pa kutokea. Rangi itatoa malengelenge, skimu itamomonyoka, na utamlipa fundi mara mbili. Wiki hii kazi ni kukwangua skimu yote iliyolowa, kupanda kama sentimita 30 juu ya alama ya maji. Plasta ya saruji igongeni kwa kifundo cha kidole, panapolia mvungu pabanduliwe, panapolia pazito paacheni. Silingi bodi ya jipsamu iliyoshuka tumbo iondolewe kabla haijamwangukia mtu.

07:26 Zuhura: Ukungu unaanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo leo ndiyo siku yenyewe. Sogezeni makabati na vitanda mbali na ukuta. Jua likitoka fungueni madirisha yote na feni ipulizie ukutani. Mvua ikinyesha fungeni, msiingize unyevu mwingine. Wenye umeme ndani, feni hizo ziwashwe fundi umeme akishakagua soketi zote za chini.

07:31 Mama Chausiku: jiki inafaa

07:34 Zuhura: Inafaa mama, lakini baada ya kuosha tope. Kikombe kimoja kwa lita nne za maji, madirisha wazi. Usichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo wala siki, mvuke wake ni sumu.

07:36 Baba Tatu: Sasa nitajuaje umekauka? Nisubiri mpaka lini?

07:41 Zuhura: Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, jioni. Kesho yake bandua. Ukikuta matone au ukuta umekolea rangi hapo chini, bado. Na ukiona unga mweupe ni chumvi, isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Kwa kuta zetu hizi na masika haya, fikiria wiki kadhaa.

07:42 Baba Tatu: Wiki kadhaa kodi yangu inakaa wapi?

07:43 Elia: Kwenye karavati 😂

07:44 Mama Neema: Elia toka kwenye kikundi kwa hiari yako.

07:44 Elia: Nisamehe mama. Niko hapa kwa Mama Chausiku nakwangua, ulizeni.

07:51 Mama Chausiku: yupo kweli. kafanya kazi kijana

08:40 Mama Neema: Baba Tatu, fundi wako aache kupaka, akakwangue. Mpangaji mpya mwambie ukweli. Yule wa sasa ana mtoto mwenye pumu, unajua.

09:15 Baba Tatu: 👍

JUMAMOSI

16:02 Baba Kelvin: Majirani. Nimekaa na mama Kelvin. Nitatoboa uzio upande wa chini, bomba mbili za inchi nne. Fundi anakuja Jumatatu.

16:20 Zuhura: Asante Baba Kelvin, umefanya jambo. Lakini inchi nne majani na chupa vitaziba mvua ya kwanza. Hapo panatakiwa tundu la futi mbili kwenda juu, liwe na nondo za kuzuia mtu kupita, na mfereji wa kupokea upande wa pili. Ukuta wenyewe unabeba udongo, ukikosa matundu ya kutolea maji kila mita moja na nusu hivi, siku moja utalala. Na upande ulipo utamlalia Mama Chausiku.

16:31 Baba Kelvin: Futi mbili mbwa wangu watatoka. Na mfereji upande wa pili unaingia kwenye kiwanja cha nani? Yule wa Mwanza hajawahi hata kuja. Tukichimba bila ruhusa yake?

16:35 Mama Neema: Namba yake ninayo. Hapokei.

16:50 Mchungaji Nyumba ya Juu: Mimi gata nimeshamwita fundi azielekeze kwenye tangi. Na nitapanda majani ya vetiva pale kwenye kingo, nasikia mizizi yake inashika sana udongo.

16:52 Mama Neema: Za kwangu pia wiki ijayo. Jumapili baada ya ibada tukutane mkorosho, saa nane, tuamue la uzio mbele ya babu. Nani anakuja?

17:30 Zuhura: Nipo.

17:48 Baba Kelvin: Jumapili nina msiba Kibaha. Endeleeni, nitaelezwa.

17:49 Mama Neema: Hatuwezi kuamua uzio wako bila wewe.

17:55 Baba Kelvin: Basi Jumapili inayofuata.

17:56 Mama Chausiku: utabiri unasema mvua tena jumanne

18:10 Juma Boda: Mama Neema ile elfu thelathini nimetuma ishirini

21:14 Dada wa Geti Jeusi: Jamani poleni sana, simu ilikuwa haina bando tangu Jumanne. Kwetu chumba cha nyuma kimelowa, tumeanza kupaka rangi leo. Pampu bado ipo?

21:15 Mama Neema: Pampu ilirudishwa Alhamisi. Acheni kupaka. Zuhura, mpigie.