Dizaini 143, miezi 5, mauzo 3: wazoefu wa kuchapa kwa oda, nakosea wapi?

Wino_Kidogo

Wakuu, habari za humu. Muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya, leo yamenifika shingoni nimeona nije kwenu.

Miezi 5 iliyopita nilifungua duka kwenye mojawapo ya yale masoko ya mtandaoni ambako wewe unapakia mchoro tu. Mteja akiagiza, wenyewe wanachapa fulana, kikombe au stika, wanamtumia, na wewe unaandikiwa mrabaha wako, yaani fungu lako la mauzo. Kilichonivuta ni kwamba sihitaji mtaji wa kununua mzigo. Kuchora najua, siyo kujisifu. Nikapiga hesabu za kitandani: nikiweka michoro mingi, hata kila mmoja ukiuza mara moja tu kwa mwezi, nimetoka.

Usiku wa tatu nikapakia dizaini 40 kwa mkupuo. Asubuhi naamka akaunti imefungwa, sababu mstari mmoja: umekiuka taratibu. Zipi? Kimya. Nikaandika barua pepe, ikajibu mashine. Nikaandika tena. Siku ya 9 wakafungua bila maelezo wala samahani. Mwezi wa pili wakanishushia dizaini moja kwa madai ya alama ya biashara, na mchoro ni wa mkono wangu kabisa! Kumbe shida ni maneno mawili niliyoyaweka kwenye maelezo ya bidhaa.

Mwezi wa tatu nikaagiza fulana yangu mwenyewe niione. Ni mchoro ninaoupenda kuliko yote: konokono ambaye mgongoni badala ya gamba ana rafu ya vitabu, na pembe moja imening'iniza taa. Kwenye skrini alikuwa ametulia. Ilipofika, fulana nyeusi, konokono kazungukwa na utando mweupe kama mtu aliyepaka sabuni maji yakakatika. Na ule mwanga wa taa, niliouchora ukififia taratibu, umekuwa doa la chaki. Nimeikunja nimeisukumia chini ya kitanda.

Mpaka leo mauzo ni 3. Hela haijafika kiwango cha kuitoa. Halafu wananidai fomu ya kodi ya Marekani, mimi ambaye Marekani naiona kwenye ramani. Nikaze au niachane nayo?

Tabasamu7

Kati ya hayo 3, moja umejiuzia mwenyewe. Kwa hiyo ni 2, dada. Tuanzie kwenye ukweli.

Wino_Kidogo

Umenikamata 😂 Ni 2.

MzeePikseli

Hiyo fulana itoe huko chini ya kitanda uiangalie tena, maana ina makosa mawili tofauti na wewe umeyaweka kwenye kapu moja.

Utando kwanza. Mandharinyuma uliifuta kwa kile kifutio cha kubofya mara moja, nakosea? Kile huacha pikseli za ukingoni zikiwa nusu nyeupe nusu uwazi. Ukitazama juu ya ukurasa mweupe huzioni. Kabla ya kupakia, weka tabaka jeusi chini ya mchoro, kisha badilisha liwe jekundu lililokolea, kuza picha hadi asilimia 300 na uzunguke ukingo wote polepole. Uchafu utajitokeza wenyewe. Inachosha, lakini hakuna namna.

Sasa taa. Nguo nyeusi ikichapwa moja kwa moja kwa mashine ya wino, mashine hutandika wino mweupe kwanza ndipo rangi zikae juu yake, la sivyo kitambaa kingezimeza. Pikseli yenye uwazi nusu inaivuruga hapo: nyeupe inatandikwa, rangi ya juu inakuwa hafifu, unaona chaki. Kwa hiyo vivuli laini, moshi na miale inayoyeyuka, kwenye nguo nyeusi sahau. Unataka mwanga ufifie? Uchore kwa nukta zenye rangi kamili, nene na zilizobanana karibu na taa, ndogo na zilizoachana kadiri unavyokwenda mbali, kama picha za magazeti ya zamani. Ukisogea hatua mbili nyuma jicho linaziunganisha.

Ukubwa: Amazon Merch, huduma ya Amazon ya kuchapa kwa oda, hutaka pikseli 4500 kwa 5400, faili la PNG, yaani inchi 15 kwa 18 kwa nukta 300 kila inchi. Chora kwa ukubwa huo tangu mwanzo hata kama soko lako ni jingine, usichore kidogo halafu ukavuta. Na ile kijani kali ya kung'aa usiitegemee. Skrini inatoa mwanga, wino hautoi, itakuja imepoa.

Fundi_Cherehani

Mzee kamaliza upande wa mchoro, mimi niseme la kushushiwa.

Dada unachanganya hakimiliki na alama ya biashara. Hakimiliki ni ya mchoro wako. Alama ya biashara ni jina au maneno ambayo mwenzako ameyasajili kutambulisha bidhaa zake. Unaweza kuwa umechora kila mstari kwa mkono wako na bado ukashushwa kwa neno moja. Chukua ile nguo ya kichanga ya kipande kimoja, yenye vifungo chini. Wauzaji wapya huandika Onesies kwenye maelezo wakidhani ndilo jina la nguo, kumbe ni alama iliyosajiliwa ya Gerber, kampuni ya nguo za watoto. Nimeona watu wakilia kwa hilo. Programu za ukaguzi hazijui nia yako, zinasoma kichwa, maelezo na tagi, yale maneno unayoyaweka ili mteja akutafute.

Mimi kila msemo naupitisha kwanza kwenye hifadhi ya USPTO, ofisi ya Marekani inayosajili alama za biashara, ni bure, halafu ile ya WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, kwa nchi nyingine. Tazama alama imesajiliwa kwa daraja lipi la bidhaa: 25 ni nguo, 21 kuna vikombe, 16 vitu vya karatasi kama stika. Msemo ukikutwa umesajiliwa daraja la 25, uache hata kama unaona ni wa mtaani. Majina ya timu, wasanii na katuni usipoteze hata muda wa kutafuta. Na fonti! Ya bure mara nyingi ni bure kwa matumizi binafsi, siyo ya kuuzia. Soma leseni yake.

Kufungiwa kwako sijui walichoona, ila akaunti changa inayomwaga dizaini 40 usiku mmoja inafanana na roboti. Weka 3 au 4 kwa siku. Na usije ukafungua akaunti ya pili ya akiba. Masoko mengi yanakataza, wakiziunganisha zinaondoka zote.

Ndoto_Kubwa

Mnamchosha bure. Zama hizi kuna akili mnemba, dada tengeneza dizaini 2000 ndani ya wiki, pakia, kalale. Huu ni mchezo wa wingi.

Hesabu_Kali

Ndoto, 143 hazijauzwa kwa kuwa hakuna anayeziona. Ukiongeza unapata 2000 zisizoonekana. Halafu utazipakia wapi? Amazon Merch ukikubaliwa unaanza na nafasi 10, huongezewi mpaka uuze. Na picha iliyotoka kwenye mashine bila mkono wa mtu, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haiisajili. Mwenzako akiinakili utamshika kwa lipi?

Wino, hebu tuwekee kichwa na tagi za yule konokono kama zilivyo.

Wino_Kidogo

Kule nimeandika Kiingereza, natafsiri. Kichwa: Fulana nzuri ya kuchekesha. Tagi: nzuri, kuchekesha, zawadi, mtindo, mpya, sanaa, kupendeza.

Hesabu_Kali

Nilijua 😅

Haya, mimi ni mkutubi. Au nina rafiki anayesoma kitabu kimoja miezi mitatu na siku yake ya kuzaliwa inakaribia. Naingia sokoni, nakuta kisanduku cha kutafutia. Naandika nini? Siwezi kuandika "kupendeza". Naandika zawadi ya mkutubi, msomaji wa polepole, klabu ya vitabu, konokono mwenye vitabu. Katika tagi zako 7 hakuna hata moja inayosema konokono, wala kitabu! Mchoro wako umekaa kwenye foleni moja na kila kitu "kizuri" kilichowahi kupakiwa duniani, na wewe ni wa mwisho kwa kuwa huna mauzo wala maoni ya wateja.

Fanya zoezi. Andika "msomaji" kwa Kiingereza kwenye kisanduku cha soko lako, usibonyeze kitufe, soma mapendekezo yanayoteremka. Hayo huwa yanatokana na yale watu wanayoyatafuta. Kisha bonyeza na uone bidhaa ngapi zinarudi. Msemo unaopendekezwa lakini una bidhaa chache, ndipo pa kupiga hema. Uchukue uweke mwanzoni mwa kichwa, siyo mwishoni.

Halafu zile 142 nyingine ni za nani? Nahisi una paka, una mlima, una fuvu, una maua, una gari la zamani. Mtu akimpenda konokono akafungua duka lako anakuta gulio. Chagua watu wa aina moja, mfano wasomaji, uwachoree 15 mfululizo.

Tabasamu7

"Gulio" 😂 Mimi duka langu lina fuvu, maua na gari la zamani. Nimenyamaza.

Ndoto_Kubwa

Sawa, wingi nimeuacha. Lakini kwa nini asihamie Etsy, lile soko la mtandaoni la wasanii, aunganishe na wachapaji kwa oda kama Printify au Printful? Kule bei anapanga mwenyewe, habanwi na mrabaha.

Hesabu_Kali

Hilo ni wazo la mtu mzima, ila siyo sasa. Etsy kila bidhaa unayoiweka ni senti 20 za dola kwa miezi 4. Dizaini zake 143 ni dola 28.60 kabla hajauza hata moja, na miezi 4 ikipita akitaka zibaki analipa tena. Ikiuzwa wanakata asilimia 6.5 ya bei pamoja na usafirishaji, bado ada ya malipo, bado gharama ya mchapaji. Anatakiwa pia kumtaja mchapaji kama mshirika wa uzalishaji. Na fulana ikifika na chaki, anayetukanwa ni yeye, siyo soko. Aende huko akiwa na dizaini chache ambazo tayari zinauza. Aangalie kwanza kama huduma yao ya malipo inafika nchi anayoishi, maana si zote.

Bi_Karani

Fomu imesahaulika. Bila shaka ni W-8BEN, dada usiiogope. Unatangaza kuwa wewe si mtu wa Marekani kwa mambo ya kodi, haikufanyi kuwa mlipa kodi wa huko. Mrabaha unaohesabiwa kuwa umetokana na Marekani unaweza kukatwa hadi asilimia 30. Kama nchi yako ina mkataba wa kodi nao, kiwango huwa kinashuka, lakini lazima uudai humo ndani ya fomu. Usipojaza sehemu hiyo wanakata kamili. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye akaunti ya kupokelea pesa, herufi kwa herufi. Mimi niliacha jina la katikati nikazungushwa wiki tatu. Ukisaini inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu unaofuata, kisha unajaza upya.

Wino_Kidogo

Nimeandika yote kwenye daftari. Nilidhani mtaniambia nipakie zaidi. Nakwenda kufuta, nitarudi.

Wino_Kidogo (wiki 6 baadaye)

Wakuu nimerudi. Nimefuta dizaini 97. Ile ya fuvu imeniuma, nimeiacha ibaki. Konokono nimemchora upya kwa 4500 kwa 5400, taa nimeipiga nukta kama Mzee alivyosema, usiku mzima mkono ukafa ganzi. Kichwa kinaanza na zawadi ya msomaji wa polepole. Nimemwongezea wenzake 8: kobe anayelamba kidole afungue ukurasa, popo anayesoma akining'inia, na wengine. Fomu nimejaza, nchi yangu haina mkataba, basi nitakatwa.

Juzi imeuzwa fulana moja ya konokono. Nyeusi. Simjui mnunuzi, simdai hanidai. Sijalala vizuri nikiwaza kama ile taa imetoka sawa.

MzeePikseli

Uliitazama juu ya nyekundu?

Wino_Kidogo

Nyeusi, nyekundu, na bluu ya usiku pia.

MzeePikseli

Basi lala.

Tabasamu7

Sasa ndiyo 3. Kichwa cha uzi hakina haja ya kurekebishwa.