Kipindupindu kimeingia kijijini, wahudumu wa afya ngazi ya jamii tuwasaidieje?

mjumbe_kandoziwa: Habari za jioni wakuu. Niko serikali ya kijiji huku kandokando ya Ziwa Victoria. Tangu mvua zianze kipindupindu kinatusumbua, na wahudumu wetu wa jamii ndo wanazunguka nyumba kwa nyumba, wanagawa dawa ya kutibu maji, wanakagua vyoo, wakikuta mtu anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele wanapiga simu zahanati. Posho ya dharura tunaambiwa iko njiani. Juzi mmoja nimemkuta anarudi kitongoji cha mwisho kwa miguu, kandambili mkononi, matope hadi magotini. Hela ya kijiji ni ndogo, tuanze na nini?

nesi_wa_kata: Nauli na vocha mkuu, na zitolewe asubuhi kabla hajatoka, sio za kurudishiwa. Ongeeni na bodaboda wawili kijiji kilipe mafuta. Halafu gambuti, glavu, sabuni, na ORS (ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) ndani ya begi lake isikosekane, maana kipindupindu kinaua ndani ya masaa, mgonjwa aanze kunywa palepale nyumbani, pakiti moja lita moja ya maji safi, huku usafiri unatafutwa.

Mhaya_wa_Bukoba: Mimi naongeza kitu cha bure kabisa. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotupiga Kagera 2023 watu tisa waliugua, sita wakafariki, na waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa siku 21. Sasa fikiria unagonga mlango wa mtu aliyefiwa wiki hiyohiyo kumuuliza kama ana homa. Wengine wanakufungia, wengine wanasema wewe ndo umeleta ugonjwa. Mwenyekiti wa kitongoji akiongozana na mhudumu siku ya kwanza tu, akamtambulisha, kazi inakuwa nyingine kabisa. Na nyie mumtembelee mhudumu mwenyewe pia, anabeba mengi yule.

dada_Busia: Huku Kenya CHP, yaani mhudumu wa afya wa jamii, anafaa kupata shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, lakini pesa ikichelewa wakati wa mlipuko wengine wanarudi shambani na huwezi kuwalaumu, watoto lazima wale. Hata unga na mafuta ya kupika vinasaidia sana, muulizeni anakosa nini nyumbani.

mjumbe_kandoziwa: Asanteni sana jamani. Kesho tuna kikao, naanza na mafuta ya boda na gambuti, na kile kitongoji cha mwisho naenda naye mwenyewe Jumamosi.