Bagi (kosa la programu) tuliyoimaliza imerudi kwenye toleo jipya, nyie pachi (marekebisho) zenu mnazipangaje?

kibodi_chakavu:
Wakuu habari zenu. Niko kwenye kamradi ka opensosi (kodi iko wazi kwa wote), laibrari ndogo tu ya kusoma faili za CSV, tuko watatu na wote tunajitolea. Kulikuwa na bagi ya tarehe, ukiweka 29 Februari programu inakufa hapo hapo, kumbe kuna mstari mmoja unakagua mwezi wa 2 usizidi siku 28, basi, mwaka mrefu hakuna aliyeukumbuka. Nikairekebisha kwenye tawi la 2.4 (nakala ya kodi ya toleo hilo) maana watu ndo walikuwa wanalia huko, tukatoa 2.4.3, tukafunga ishu (tiketi ya hiyo bagi), kimya. Juzi tumetoa 3.0 na bagi ni ile ile! Tawi kuu, lile linalozaa matoleo mapya, haijawahi kufika. Na mwenzangu kamaliza wikendi nzima anaitafuta upya, hajui kama nilishaimaliza zamani. Mnafanyaje pachi isipotee njiani? Nilikuwa nafikiria tufungue faili la Excel tuwe tunajaza.

mama_komiti:
Excel mtaijaza wiki mbili halafu kila mtu ataisahau, nimeshaona. Shida yenu ni mlianzia chini mkategemea mtu akumbuke kupandisha juu. Geuzeni, pachi iingie tawi kuu kwanza ndo iteremshwe kwenye matoleo ya zamani. Wale wa Linux kwenye matoleo yao ya stable sharti ni hilo hilo, kama pachi au inayolingana nayo haijaingia kwanza kwenye mti wa Linus Torvalds, yaani kodi kuu ya Linux, haipokelewi, na isizidi mistari 100 ukihesabu na ile ya muktadha (isiyobadilika, iliyo jirani). Hivyo hata ukisahau kuteremsha, anayeumia ni wa toleo la zamani, na huyo atakuja kupiga kelele mwenyewe. Ukiteremsha tumia `git cherry-pick -x` (git ndo ile programu inayotunza historia ya kodi), inaandika kwenye ujumbe komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa, imetoka wapi.

sina_muda:
Sawa dada ila sio kila mara. Sisi tawi kuu tulishaandika upya sehemu nzima, ile kodi yenye bagi haipo tena huko, sasa uanzie juu unarekebisha nini? Hapo tunarekebisha huku chini tu, ila kwenye ujumbe wa komiti lazima uandike kwa nini tawi kuu halihitaji. Ukiacha bila maelezo narudisha pachi, hata kama ni herufi moja.

testi_kwanza:
Mbona hakuna anayeuliza testi (kodi ya kuijaribu kodi) iko wapi? Hiyo 29 Februari ingekuwa na testi yake tawi kuu, 3.0 isingetoka. Mimi napokea testi inayofeli hata kabla ya pachi yenyewe.

Na huyo mwenzako wikendi yake imeniuma kweli. Mfundishe `git bisect`, inasaka komiti iliyoleta bagi, komiti 1000 unazimaliza kwa hatua kama 10 maana kila hatua inakata nusu, na ukiipa skripti kwa `git bisect run` inaenda yenyewe wewe umelala. Ukishaijua komiti iliyoleta bagi, andika `git branch -a --contains` na namba yake, itakutajia matawi yote yenye hiyo komiti. Ndo orodha yako hiyo ya kuteremshia pachi, Excel ya nini.

kibodi_chakavu:
Hiyo ya --contains sikuwa naijua kabisa aisee. Na kugongana watu wawili bagi moja?

mama_komiti:
Anayeichukua ajiweke kwenye ishu kabla hajafungua kodi, akikaa wiki kimya mwingine anaruhusiwa kuinyang'anya bila kuombana radhi. Na ishu isifungwe hadi pachi iwe matawi yote, nyie mlifunga mapema. Ikiwa ni ya usalama lakini usiifungulie ishu ya wazi, ongeeni pembeni kwanza mpaka pachi iwe tayari.

sina_muda:
Na iwe tayari kweli. Log4j (laibrari ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu) Desemba 2021 walitoa 2.15.0 kuziba tundu la usalama, ikabaki na tundu, ikaja 2.16.0, ikaja 2.17.0, yote mwezi mmoja. Siwalaumu, dunia nzima ilikuwa inawasukuma.

kibodi_chakavu:
Mrejesho wakuu. Nimeendesha bisect na hiyo --contains. Bagi iko hadi tawi la 1.9, na komiti iliyoileta ni yangu mwenyewe 🤦 Ishu nimeifungua tena, nimejiweka mimi, testi naituma usiku huu.