Farasi wa kazi wa zamani walikuwa wanaishije? Wajuzi wa historia naomba msaada

mikokoteni_dom
Wakuu habari za saa hizi. Mi nina punda nafanya nao biashara ya kusomba maji na mchanga huku Dodoma, juzi kati nikawa naangalia picha za London miaka ya 1890 nikaona barabara nzima farasi tupu, wanavuta mabasi ya ghorofa yamejaa watu mpaka juu. Sasa mimi mnyama wa kazi namjua, ukimpigisha mzigo alfajiri mpaka jioni wiki haiishi anaanza kuchechemea, kwaiyo nikajiuliza hawa walikuwa wanapiga kazi saa ngapi kwa siku, wanakula nini, na walikuwa wanadumu miaka mingapi? Vitabu vinaongelea farasi wa vita na wa wafalme tu, huyu wa kuvuta mzigo hatajwi. Mwenye kujua atiririke.

kijiwe_cha_kale
Mkuu hili swali nalipenda sana. Farasi wa basi London alikuwa anafanya kazi kama saa tatu au nne tu kwa siku, hapo keshatembea kilomita 20 hivi, anarudi zizini mpaka kesho. Basi linavutwa na farasi wawili lakini ili liwe barabarani siku nzima kampuni ilikuwa inalitengea farasi kama 11, zinabadilishana jozi kwa jozi na mmoja anabaki wa akiba. Kampuni kubwa ya London General Omnibus ilikuwa na farasi kama 10,000 miaka hiyo, na kila kundi la basi moja lina mtunzaji wake, yeye ndo anawalisha, anawasugua, anawafunga na kuwafungua, kila jozi ikirudi imelowa jasho yuko pale mlangoni anaisubiri.

Sasa kwa nini saa chache hivyo? Kinachommaliza farasi wa basi sio mwendo, ni kusimama na kuondoka. Basi linabeba abiria 26, 12 ndani 14 juu, na lilikuwa kama daladala tu, mtu akipunga mkono popote dereva anavuta hatamu, anapanda, alafu wale wawili waanze upya kuling'oa lile dude lote kutoka sifuri kwenye mawe yanayoteleza. Mara ngapi kwa siku! Miguu ya mbele na magoti ndo yanaanza kufa. Walikuwa wanawanunua wakiwa na miaka mitano hivi, wakishapiga kazi miaka minne mitano wanauzwa, mwenye bahati anaenda shambani kwenye ardhi laini, mwingine anaishia mkokoteni wa mtu maskini, na mwisho kabisa machinjioni, nyama inachemshwa inauzwa mitaani chakula cha paka. Mnyama angeweza kuishi miaka 25. Hilo ndo linaloniuma mimi.

Msosi walikuwa hawabaniwi kwa kweli. Kilo kama saba za nafaka kwa siku, mahindi mengi kwa sababu yalikuwa bei rahisi, yanachanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Ardhi ya mjini ilikuwa ghali kwaiyo mazizi mengine yalikuwa ya ghorofa, Paddington kulikuwa na moja la kampuni ya reli, farasi wanapanda juu kulala kwa njia ya mteremko.

mama_kwato
Naongezea hapo kwenye kuteleza. Mvua ikinyesha farasi walikuwa wanaanguka ovyo, na akianguka kuna utaratibu watu wa mtaani wote walikuwa wanaujua: mtu mmoja anakimbia kumkalia au kumpigia goti kichwani, sio kumtesa, farasi hawezi kuinuka bila kunyanyua kichwa kwanza, kwaiyo ukimzuia kichwa anatulia, hajiumizi kwa kurusha mateke. Wengine wanafungua mikanda, basi linasukumwa nyuma, wanatandika gunia chini ya kwato apate pa kukanyagia, ndo wanamwachia kichwa anasimama mwenyewe. Mwanangu anasomea udaktari wa mifugo, nilipomweleza hii akasema hata leo ndo wanavyofanya.

Na maji pia usiyasahau. Mwanzoni mnyama alikuwa anapata tabu ya maji mjini, kuna chama kilianzishwa 1859 kuweka mabomba ya maji ya kunywa kwa watu, 1867 kikaongeza na mabirika ya wanyama. Mengine bado yapo London ya mawe mazito kabisa, wanapandia maua.

mikokoteni_dom
Aisee nashukuruni sana, yaani farasi 11 kwa basi moja, mi hapa punda mmoja nataka afanye kila kitu. Swali lingine, kwenye kilima walikuwa wanafanyaje? Mimi nikifika kwenye mwinuko nashusha nusu ya mzigo napeleka mara mbili.

kijiwe_cha_kale
Abiria huwezi kumshusha nusu mkuu hehe. Chini ya vilima vikali kama Ludgate Hill kulikuwa na farasi wa nyongeza na kijana wake, basi likifika anamfunga mbele ya wale wawili, wanapanda watatu, juu anamfungua wanashuka tena kusubiri linalofuata. Kazi yake kutwa ni kile kilima tu.

mnyamwezi_halisi
Mimi nawakumbuka zaidi wa migodini. Migodi ya makaa ya mawe Uingereza mwaka 1913 ilikuwa na farasi na poni (farasi wa umbo dogo) kama 70,000 chini ya ardhi, kwenye migodi ya shimo refu wengi mazizi yao yalikuwa hukohuko chini, jua wanaliona mgodi ukifungwa kwa likizo. Walikuwa wanavishwa kofia ya ngozi kulinda kichwa na macho kwa sababu dari ni fupi. Wachimbaji wanasimulia poni alikuwa anasikiliza minyororo ya mabehewa inavyolia kuunganishwa, ukiongeza behewa moja juu ya aliyozoea hatoki hapo mpaka ulifungue.

Huku kwetu bara farasi hawakuwezekana kwa sababu ya mbung'o, akipita porini anapata ugonjwa wa nagana anakufa. Sultani Unguja alikuwa nao, ila mizigo ya msafara kutoka Tabora mpaka Bagamoyo ilikuwa inapanda mabegani kwa watu, babu zetu Wanyamwezi ndo walikuwa wanaifanya hiyo kazi. Hata Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na vigari vidogo vya reli vya kupakia abiria, na waliokuwa wanavisukuma ni watu, wanakimbia nyuma kwa miguu.